Saa tatu, saa sita, saa tisa: siku moja maishani mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Simu imelia, nimeizima, na kosa la kwanza la siku nimeshalifanya: kidole kimefungua ujumbe. Kumi na saba, na jua halijachomoza. Marko anaeleza kwamba Yesu aliamka mapema sana, akaenda mahali pasipo watu kuomba, na hata huko Simoni na wenzake walimfuata kumwambia kuwa watu wote wanamtafuta. Basi hali yangu si ngeni. Ila yeye, walipomfikia, alikuwa ameshaomba. Nimeilaza simu kifudifudi, nikapiga magoti.

Naomba nikiwa na daftari. Dakika tatu haziishi, akili imeshahamia kazini: ripoti, zamu ya Jumamosi, blauzi haijapigwa pasi. Zamani nilipigana na mawazo hayo nikatoka nimechoka. Siku hizi nayaandika pembeni kwa penseli, nayaacha hapo, narudi kwenye maombi. Juu kabisa kuna jina la kaka yangu na mwaka, 2021. Hili ni daftari la tatu. Kila nikinunua jipya naanza kwa kulinakili ombi hilo. Mengine mengi yana alama ya vema. Hilo bado.

Saa mbili. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja. Hedifoni kichwani, macho kwenye foleni ya simu zinazosubiri.

Saa tatu. Kuna raha moja ya kusoma Biblia kwa Kiswahili: saa zake ni saa zetu, hakuna kupiga hesabu. Siku ya Pentekoste Petro alisema wenzake hawajalewa, kwani ilikuwa saa tatu tu. Alipanda darini kuomba saa sita. Yeye na Yohana walikwea hekaluni saa tisa, saa ya kusali. Nikiitazama saa ya ukutani hapa ofisini nawaona wakipandisha ngazi. Mimi saa tatu hii nimeambulia pumzi moja tu kati ya simu na simu, nikasema, “Baba, nisimamie.” Haya, inayofuata.

Saa nne na dakika kumi. Mteja amekatwa pesa mara mbili, na hii ni mara yake ya nne kupiga. Anafoka, na ana haki ya kufoka. Amemaliza kwa swali: “Sasa wewe utanisaidia nini?” Kisha kimya.

Katika kimya hicho ndipo namfikiria Nehemia. Mfalme Artashasta anamuuliza anataka nini, naye, kabla hajajibu, anamwomba Mungu wa mbinguni, halafu anamjibu mfalme. Maombi yaliyoingia kati ya swali na jibu! Mfalme hakusubirishwa. Nimesikia watu wakiitumia habari hiyo kujitetea kwamba maombi mafupi yanatosha. Hapo wanaruka sura ya kwanza. Nehemia alikuwa amelia, amefunga na kuomba tangu mwezi wa Kisleu, na mazungumzo na mfalme yalikuja mwezi wa Nisani, yapata miezi minne. Lile ombi la kufumba na kufumbua lilikuwa na miezi minne chini yake. Mimi asubuhi nikiruka magoti, saa nne ulimi wangu ni wembe. Nimeliona hilo mara nyingi mno kuliita bahati mbaya.

Leo nilimjibu taratibu, nikafuatilia mpaka muamala wa pili ukafutwa. Hakushukuru. Sawa tu.

Saa sita. Mapumziko. Luka anasema Petro pale darini aliumwa na njaa, kwa hiyo sioni aibu kuomba nikisikia harufu ya chakula. Tunaomba watu watano kwenye chumba cha mikutano. Nasema ukweli: mara nyingine maombi haya yananikwaza. “Tumwombee ndugu fulani, ndoa yake, mnajua yaliyompata juzi…” Huo ni umbea uliofumba macho. Leo tumesali Baba Yetu, kila mmoja akaomba kidogo, tukala.

Saa saba na nusu. Na bado, nikitoka hapo, nimemkaripia binti mgeni wa meza ya jirani kwa kosa la kujaza fomu. Mbele ya watu.

Saa tisa. Ujumbe wa mama: kaka ameanza kunywa tena, hajaonekana tangu juzi. Nimetoka, nimesimama kwenye ngazi za dharura, mkono kwenye chuma baridi cha reli. Nilitafuta maneno, nikakosa hata moja. Paulo anawaandikia Warumi kwamba hatujui kuomba itupasavyo, na Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Nikakumbuka na saa yenyewe. Ni saa tisa Yesu alipolia msalabani akiuliza Mungu wake mbona amemwacha, na maneno hayo ni mwanzo wa Zaburi ya 22. Wakati ule alichokuwa nacho cha kusema kilikuwa zaburi. Nilisimama dakika saba. Nikarudi kwenye simu.

Saa kumi na moja jioni. Nimeshachukua mkoba, lakini ile habari ya kuiacha sadaka madhabahuni ukapatane kwanza na ndugu yako haikunipa nafasi. Nimemfuata yule binti. “Mdogo wangu, nilikukosea.” Akasema, “Yameisha, dada,” bila kuniangalia. Hayajaisha. Kesho nitakaa naye tujaze fomu pamoja.

Saa tatu usiku. Simu ya kaka. Yuko kwa rafiki yake, sauti nzito, lakini yuko.

“Dada, leo umemwambia nini huyo Mungu wako juu yangu?”

“Leo sikusema kitu. Nilisimama tu kwenye ngazi.”

Akanyamaza mpaka nikadhani amekata.

“Basi na kesho simama,” akasema.