Peremende za bakora bila kuwasha jiko

Ushauri uliojaa mtandaoni kuhusu peremende za Krismasi zenye mistari myekundu na myeupe, zilizopinda kichwa kama bakora, ni huu: chemsha sukari pamoja na watoto, ivute ikiwa bado moto, isokote, ikunje iwe bakora. Aliyeandika hivyo hajawahi kusimama mbele ya watoto ishirini wa PP1, darasa la kwanza la awali. Peremende ngumu hupikwa hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, na sukari ya namna hiyo ikidondokea mkono hunata na kuendelea kuunguza. Afadhali maji yanayochemka. Mimi hapa Kisumu nafundisha somo zima la switi za Krismasi bila jiko, na wanafunzi wangu wa miaka minne hadi sita watakueleza weupe wa bakora unatoka wapi. Muulize mwoka keki yeyote mjini kama anajua.

Naanza na muwa, maana huku hautafutwi. Naweka mezani kipande cha muwa uliomenywa, sukari nguru, kijiko cha sukari nyeupe na bakora moja ya dukani, bado ndani ya karatasi yake. Watoto wanatafuna muwa, wanatema makapi, halafu wanavipanga wenyewe: kipi kilitangulia kipi? Waliopita Kibos, Chemelil au Muhoroni wameshaona matrekta yakibeba miwa kwenda kiwandani, kwa hiyo sehemu hiyo wanajifundisha.

Kisha weupe. Hapa ndipo ninapojivunia. Sukari iliyoyeyuka na kuiva huwa angavu, huoni rangi ndani yake. Fundi huivuta na kuikunja, huivuta tena na kuikunja, mpaka hewa inanaswa ndani kwa viputo vidogo mno, nayo inageuka nyeupe. Mstari mwekundu ndio uliotiwa rangi. Ukimweleza hivyo mtoto wa miaka minne atakuangalia tu. Basi nanunua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya kijani, na isiwe rangi nyingine hafifu. Natia kijiko kimoja cha sabuni na vijiko vitatu vya maji kwenye mtungi wa plastiki unaopitisha mwanga, nakaza kifuniko, na kila mtoto anatikisa mara kumi huku wenzake wakihesabu. Mtungi ukizunguka darasa lote, juu kuna povu jeupe, chini maji bado ni ya kijani. Nauliza: nani ameweka rangi nyeupe? Nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi kubwa, na msaidizi wako umwonye mapema, maana atatamani kujibu. Wanabishana, wanamshuku mwenzao, mpaka mmoja anasema ni upepo umeingia. Hapo ndipo naifungua bakora. Maji yakizidi povu huwa jepesi na halisadikishi. Sabuni yenye weupe wa maziwa inaharibu kila kitu. Ute wa yai ukipigwa kwa uma unaonyesha jambo lilelile, ila mayai mabichi na vidole vya watoto mimi sichanganyi.

Bakora za kutengeneza ni za unga na chumvi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, na maji robo tatu ya kikombe kwanza. Ongeza kidogo kidogo tu. Chumvi ya mawe hukata uzi wa unga. Kiasi hicho kinatosha watoto kumi na tano, na gharama, pamoja na rangi, ni shilingi mia tatu na kitu za Kenya. Gawa mara mbili kabla ya kutia maji, na rangi nyekundu ya chakula ianze kuchanganywa kwenye maji ya nusu yake. Ukiitia kwenye donge lililokwisha kukandwa linakuwa la kunata na la waridi. Kanda jeupe kwanza, jekundu mwisho, la sivyo weupe wote utakuwa na alama za vidole.

Watoto hushindwa kusokota hewani: nyuzi zinakatika, wanalia. Waviringishe nyuzi mbili unene wa kidole cha mtu mzima, urefu wa sentimita 15, zilale bega kwa bega juu ya meza, ncha zibanwe pamoja. Kiganja kimoja upande huu, kingine upande ule. Kimoja kinasukuma mbele, kingine kinavuta nyuma, mara moja tu, halafu rudia. Mistari inajisokota yenyewe. Kukunja kichwa ni mwisho kabisa.

Siku ya kwanza zikauke kivulini juu ya wavu, kisha juani, ukizigeuza. Jua la moja kwa moja hukausha ngozi ya bakora, ndani ikiwa bado mbichi, na zinapasuka. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo mvua ya jioni ikinukia ingiza ndani, na zikikauka kabisa pitisha vanishi. Usizitengeneze siku moja na ya kuonja peremende halisi: mtoto atauma ya chumvi.

Hadithi ya kiongozi wa kwaya wa Cologne, Ujerumani, mwaka 1670, aliyewapa watoto peremende za bakora watulie kanisani, husimuliwa kana kwamba ina hati. Haina, mimi naiita hekaya. Ninachosimulia ni cha Albany, Georgia, huko Marekani, ambako Bob McCormack alikuwa akizikunja kwa mkono na nyingi zikivunjika, hadi shemeji yake, padri Gregory Keller, alipobuni mashine katika miaka ya 1950. Padri mwenye mashine huwafurahisha kuliko kwaya. Na ukitaja fimbo ya mchungaji, ambayo bakora hizi hufananishwa nayo, eleza ndoana ni ya kunasia mguu wa kondoo, kwa sababu wachungaji wanaowaona barabarani hubeba fimbo zilizonyooka.

Kuonja: bakora ivunjwe ndani ya karatasi yake kwa kijiti cha chapati, vipande vidogo, wote wameketi. Wakiwapo walio chini ya miaka minne, siwapi peremende ngumu kabisa, inaziba koo. Hao wananusa jani la mnanaa.

Bakora za unga ni nzito kwa ncha za tawi la mti wa Krismasi. Zitundike karibu na shina, na ncha uziachie za waya na shanga nyekundu na nyeupe.