Siku moja maishani mwangu: yadini na madereva wageni wa tela

Saa 12:00 asubuhi

Yadi ninayofundishia kurudisha tela nyuma iko pembeni mwa Barabara ya Morogoro, upande wa Kibaha, ardhi ni kifusi kilichoshindiliwa. Kichwa, yaani lori linalovuta tela, ni Howo ya gia kumi. Tela lina ekseli tatu na tairi 12, na juu yake kuna kontena tupu la futi 40. Urefu wa kontena ni mita 12.19 na upana mita 2.44. Mwanafunzi anazishika namba hizo kabla hajashika usukani, maana urefu wa tela kioo hakimwambii.

Vioo vinafutwa, ndipo vinapangwa dereva akiwa amekaa vile atakavyoendesha. Ubavu wa tela uonekane kwenye ukingo wa ndani wa kioo, na tairi za nyuma zionekane chini. Kile kioo kidogo cha mbinuko kinaonyesha eneo pana, lakini kila kitu ndani yake kinaonekana kiko mbali kuliko kilivyo. Umbali haupimwi kwa kioo hicho.

Saa 1:00. Kufunga tela

Kurudi nyuma kwa kwanza kwa siku ni huku kuingia chini ya tela, na watu wengi wanaipuuza hatua hii. Tairi za tela zinawekewa vigingi zisibingirike. Kichwa kinanyooshwa sawasawa na tela, kisha kinasimama kabla ya kugusa. Dereva anashuka kupima kimo: sahani ya kichwa iliyopakwa grisi, ile inayobeba pua ya tela, inatakiwa ilinyanyue tela kidogo inapoingia. Tela likiwa juu mno, kingipini, yaani pini ya chini ya tela inayofungwa kwenye sahani, inapita juu ya sahani na kontena linakuja kugonga mgongo wa kebini.

Mlio wa kufunga peke yake si ushahidi. Breki za tela zikiwa bado zimekaza, weka gia ya kwanza na uvute polepole. Likigoma, zima gari, ingia chini na tochi uone taya za sahani zimeikumbatia kingipini na hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na tela. Ndipo ufunge mpira mwekundu wa upepo, wa njano wa breki na waya wa taa, halafu unyanyue miguu ya tela mpaka mwisho. Subiri shinikizo la upepo lipande. Ukiondoka mapema, breki za tela zinakuwa bado zimekamata, na dereva mgeni akiongeza resi anaburuza tairi zilizosimama.

Saa 2:30. Mstari ulionyooka

Koni zinapangwa pande mbili, njia ya mita 3.5 kwa upana na mita 40 kwa urefu. Rivasi ya chini, klachi unaiachia yote, mguu mbali na resi. Sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga resi, inatosha kulisukuma tela. Anayepunguza mwendo kwa kukanyaga klachi nusu anaichoma, na harufu inajaa kebini mara moja.

Mkono mmoja unashika usukani sehemu ya chini kabisa. Mkono ukienda kulia, mkia wa tela unakwenda kulia. Ukienda kushoto, mkia unafuata kushoto. Kwa kunyoosha kuna njia fupi zaidi: kioo ambamo tela limeanza kujaza, zungusha usukani kuelekea kioo hicho.

Hayo yote mwanafunzi anayaelewa ndani ya dakika kumi. Linalomla siku nzima ni kwamba tela linachelewa. Anazungusha usukani, anatazama kioo, haoni kitu, anaongeza. Baada ya mita moja au mbili tela linaitikia ule mzunguko wa kwanza pamoja na ule wa nyongeza, mkia unatupwa pembeni, naye anashtuka na kuzungusha kinyume mara mbili ya alivyotakiwa. Hapo ndipo tela linapoyumba kama nyoka. Dawa yake ni robo ya mzunguko, kusubiri, kisha kurudisha usukani mkia unapoanza tu kusogea. Akisubiri aone tela limenyooka ndipo arudishe, ameshachelewa. Hili ndilo ninalolirudia dirishani kuliko neno lingine lolote: rudisha mapema.

Akipotea, anasogea mbele mita kumi, anajinyoosha, anaanza upya. Madereva wazoefu wanafanya hivyo kila siku.

Saa 4:00

Chai na chapati. Gari limezimwa, vigingi vimewekwa.

Saa 4:30. Kuingia kona upande wa dereva

Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo kona ya kwanza kujifunza ni ya kulia, ambako dereva anachungulia dirishani na kuona tairi zake. Kazi kubwa inafanyika kabla ya rivasi. Pita mlango unaotaka kuingia ukiwa mita mbili au tatu kutoka kwake, kisha elekeza pua kushoto, tela lianze kukaa mshazari. Ukisimama ukiwa umenyooka kabisa, utalazimika kulikunja kwa nguvu, na nafasi itakwisha.

Rudi nyuma usukani ukiwa kushoto. Mkia utakwenda kulia. Macho yawe kwenye tairi za nyuma na koni ya pembeni, kwa sababu tela linazungukia kwenye tairi, haligeukii kwenye taa za nyuma. Tairi zikianza kuingia, zungusha usukani kulia ukilifuata tela mpaka kichwa kije mbele yake. Wakati huo pua inafagia upande wa pili, na koni za huko ndizo zinazolala kwa wingi.

Kwenye kona hii kioo cha kushoto hakionyeshi tela hata kidogo. Usichokiona, simama, vuta breki ya mkono, shuka ukakitazame. Kona ya kontena ikikaribia kebini na mipira ya upepo ikikaza, simama papo hapo na usogee mbele. Ukiendelea unakata mipira na kuvunja mgongo wa kebini. Kuzungushia tela mahali pamoja nako kunaumiza: tairi za ekseli ya kwanza na ya tatu zinaburuzwa ubavu, na kwenye zege utaziona zimechunika.

Saa 8:30. Upande usioonekana

Kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo geti la kando ya barabara mara nyingi linaangukia kushoto, upande asioona dereva. Kama kuna pa kugeuzia mbele, geuza uje geti likiwa kulia kwako, na utingo azuie magari. Kwa wanaokwenda Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, au Rwanda kupitia mpaka wa Rusumo, kule wanaendesha kulia, na geti la kando linakuja upande wa dirisha lako.

Utingo anasimama anapoonekana kiooni, kamwe si kati ya tela na ukuta. Akipotea kiooni, gari linasimama.

Saa 10:00. Ghalani

Kontena lililo refu kwenda juu lina kimo cha mita 2.9, ongeza kimo cha tela, kisha tazama nyaya na paa la ghala. Milango ya kontena inafunguliwa na kufungiwa ubavuni mwa kontena kabla ya kufika rampu ya kushushia mizigo. Anayesahau anagundua tela limeshagusa, na anaanza kazi yote upya.

Saa 12:00 jioni

Mitungi ya upepo inatolewa maji. Kwenye kifusi alama za tairi bado zinasomeka: za asubuhi zina mawimbi saba ndani ya mita 40, za alasiri zina mawili.