Siku moja na Datsun 240Z ya rali: kabureta tatu, distributa moja na simu za bosi

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika gereji, na sio bidii wala nini, ni kwamba valvu za hii injini nataka kuzipima ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima haijaguswa, yaani mtu akitangulia akaiwasha "aisikilize kidogo" tu basi asubuhi yangu ishaharibika. Gari ni Datsun 240Z, injini L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2393, bloku ya chuma na hedi ya alumini. Tunaijenga upya kwa ajili ya mashindano ya magari ya zamani, yale ambayo huruhusiwi kuja na gari ya miaka ya 70 halafu ndani umejaza vitu vya juzi. Ina karatasi zake, ile HTP (pasipoti ya kiufundi ya magari ya zamani) ya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, na humo kila kitu kimeandikwa na picha zimebandikwa, kabureta gani, breki gani, rimu upana gani. Mkaguzi akikuta kitu ambacho kwenye karatasi hakimo, hata habishani na wewe.

Shida iliyotukalisha siku zote hizi ni moja tu. Ukikanyaga mafuta taratibu, ikifika resi (mizunguko ya injini kwa dakika) 2,500 hivi mpaka 3,000, inajikwaa. Inakohoa, inasita, halafu inachomoka utadhani hamna kilichotokea. Huko juu iko vizuri, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) nayo sio mbaya. Na mwenye gari, bosi wetu, yeye kashaamua ugonjwa ni kabureta na dawa ni jeti kubwa, vile vitundu vinavyopima petroli inayopita.

Mi nilishamwambia jeti siigusi mpaka vitu vingine vyote viishe. Valvu kwanza, halafu moto wa plagi, halafu hewa inayoingia kwa wizi, petroli inakuja mwisho. Ukianza na kabureta unakua unafunika kosa la moto kwa petroli nyingi, gari inatulia siku mbili, plagi zinakua nyeusi, unarudi ulipotoka na sasa una matatizo mawili.

Basi valvu. Ikiwa baridi uwazi ni milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa, ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Zipo 12, na kila moja unazungusha injini kwa mkono mpaka kamu (nundu inayosukuma valvu) igeuke iangalie juu, unapitisha fila, kile kibati chembamba cha kupimia, inatakiwa ikwaruze kidogo bila kung'ang'ania. Utamu wake ni kwamba ukikaza nati ya kufungia, kipimo kinahama, kwa hiyo unapima, unakaza, unapima tena, unatukana kimoyomoyo, unalegeza. Ya kutoa kwenye silinda namba 5 nikaikuta imebana, fila ya 0.20 yenyewe inaingia kwa shida. Dogo tunayemfundisha kazi akaniambia, "Lakini kaka, hiyo ndo ilikua haigongi kabisa." Nikamwambia ndo hiyo hiyo ya kuogopa. Valvu ya kutoa inapoa pale inapokalia kiti chake, joto linapita hapo kwenda kwenye hedi, sasa ikibana haikai muda wa kutosha, au haifungi vizuri kabisa, inaungua kingo. Ile inayogonga tik tik tik inakera masikio ila haijaua injini ya mtu.

Saa 3 kasoro bosi kapiga. "Fundi, jeti zimefika, nimepata za 150." Nikamwambia shikamoo kwanza, akacheka, nikamwambia weka hapo hapo bosi.

Inabidi mumuelewe huyu mzee. Kapenda hii gari kwa sababu ya Safari ya zamani, ile rali ya Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann na Hans Schüller walivyoshinda na 240Z mwaka 1971, halafu Shekhar Mehta na Lofty Drews 1973. Akianza hizo stori haziishi. Ila ile ya 1973 mi naipenda kwa sababu yangu: Mehta na Harry Källström, ambaye naye alikua na Datsun, walimaliza pointi sawasawa, na kilichoamua ni nani alikaa mda mrefu zaidi toka mwanzo bila kupata adhabu. Yaani sio nguvu za farasi, ni gari iliyochelewa kusumbua. Kila bosi akisema jeti 150 mi namkumbusha hiyo, na yeye anajifanya simu inakatakata.

Saa 3 na nusu tukaiwasha ipate moto tukaingia kwenye umeme. Karatasi za gari hii zinasema pointi, kwa hiyo hamna habari ya moduli ya elektroniki, ni pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme ili plagi itoe cheche) na kondensa kama ilivyokua. Uwazi wa pointi milimita 0.45 mpaka 0.55, dweli (kipindi pointi zinakaa zimefungana) digrii 35 mpaka 41. Dogo kashika mafuta, mi nimeinama na taa ya taimingi, ile inayoonyesha cheche inapiga wakati gani, namulika alama kwenye puli. Kwenye sailensa alama imetulia kiasi. Nikamwambia pandisha taratibu, 1,500, 2,000, ilipokaribia 2,500 alama ikaanza kucheza, inaenda mbele inarudi nyuma, digrii mbili tatu hivi, na mita ya dweli nayo sindano haikai. Hapo moyo ukapoa kabisa, maana kitu kinachoonekana kwa macho ni cha kurekebishika.

Nikazima, nikatoa kifuniko cha distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi, nikashika rota inayozunguka ndani yake kwa vidole viwili nikaisukuma kwa ubavu. Inatikisika. Sio kuzunguka ile ya kawaida ya springi, ni ubavuni, shafti yenyewe inacheza ndani ya bushi, kile kibomba kinachoishikilia. Nikamwita dogo aweke vidole vyake mwenyewe, maana hii huwezi kumueleza mtu. Sasa ona inavyokua: shafti ikiyumba, uwazi wa pointi unabadilika kwa kila jino la kamu ya distributa, silinda hii inapata moto mapema ile nyingine inachelewa, na vile vizito vya ndani vinavyosogeza taimingi vikianza kufunguka ndo mtikisiko unazidi. Na eneo hilo hilo la resi ndipo kabureta inapotoka kwenye jeti ndogo kwenda jeti kubwa, kwa hiyo kila mtu akiisikia inasita anakimbilia kabureta. Kuna msemo wa mafundi wa zamani kwamba kabureta mbovu nyingi zinapona kwenye distributa, na mi naukubali asilimia zote.

Distributa ikatoka, nikaipeleka kwa jamaa wa leithi chumba cha pili akatengeneze bushi mpya ya shaba. Nikamsisitiza tundu amalizie baada ya bushi kuingia, maana ikisukumwa kwenye nyumba yake inabanwa na tundu linapungua. Akaniangalia kama namfundisha babu yake kula chakula. Sawa.

Wakati nasubiri, saa 5 mpaka karibu saa 8 nilikua kwenye bodi, na hii ndo kazi isiyopendwa na mtu. 240Z inaoza pale chini ya betri, asidi ikimwagika miaka na miaka inakula bati, halafu inateremka kwenye chesisi inayopita chini ya sakafu. Hii yetu ilishawahi kutengenezwa na mtu huko nyuma. Nikagonga na nyundo ndogo, sauti ikawa ya mbao. Nikakwangua, puti, chini ya puti nguo ya faiba, chini ya faiba kutu tupu. Yaani mtu alipaka rangi nzuri juu ya shimo, na kwenye rali hapo ndo panabeba mguu wa mbele unapodondoka kutoka kwenye tuta. Sina la kusema.

Betri nje, waya za altaneta nje. Nikakata na grinda mpaka nikafika chuma kinachong'aa, sio "kinaonekana kigumu", kinachong'aa. Kipande kipya nimekikunja kwa kufuata cha zamani, nikatoboa matundu pembeni nichomelee kupitia matundu ili kifanane na ile spoti ya kiwandani. Bati jembamba hili huwezi kupitisha mstari mmoja mrefu, litajikunja, unaweka kidogo hapa unahamia upande ule, unaacha lipoe, unarudi. Mda mwingi unakaa unaangalia chuma kinapoa. Kibati cha namba ya chesisi nimekifunika kwa kitambaa kilicholowa, hicho kikiungua thamani ya gari inaondoka nacho.

Kula nimekula nimesimama.

Saa 8 na robo distributa imerudi, na lazima niseme jamaa kaitendea haki, nasukuma rota ubavuni haiendi popote. Nikairudisha, pointi mpya, mpangilio wa moto 1-5-3-6-2-4, rota inazunguka kinyume cha saa, waya nikamwacha dogo apange halafu nikakagua bila yeye kujua. Alipatia zote. Tukaweka taimingi digrii 10 kwenye sailensa, tukapandisha mpaka 3,500 na kuendelea, ikasimama kwenye 34. Ikasimama kweli, alama imeganda. Tukashuka polepole tukapanda polepole, hamna kucheza. Dogo anauliza "tayari?" Bado sana.

Saa 9 ndo kabureta, Weber 40 DCOE tatu, midomo sita, kila silinda na wake. Kwanza nikapuliza sprei kwenye maungio ya manifoldi na zile o-ringi za mpira, kama resi inabadilika ujue hewa inaingia kwa mlango wa nyuma. Haikubadilika. Presha ya petroli nikapima, 0.22 bar, hizi kabureta hazitaki zaidi ya robo bar, ukizidisha pampu inaishinda sindano ya floti na gari inafurika. Halafu nikafungua fimbo inayounganisha zote tatu, maana ukizisawazisha zikiwa zimeshikana moja inaidanganya nyingine. Kipima hewa mdomo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, narudi wa kwanza. Ya nyuma ilikua inavuta kidogo kuliko wenzake. Ikakaa sawa, nikaja kwenye skrubu za mchanganyiko, kila moja unafungua polepole mpaka resi ipande, ikiacha kupanda unarudi kidogo. Mikono inaungua kwenye ekzosi na huwezi kuvaa glovu nene maana hutahisi skrubu. Hapa bosi kapiga mara mbili sikupokea.

Sailensa ikakaa kwenye 950, sauti moja, sio ile ya kwanza ya kuchechemea.

Saa 11 tukatoka nayo, mi naendesha, dogo pembeni na skrini ya lambda, inayosoma mchanganyiko wa hewa na petroli, sensa yenyewe iko kwenye bomba na inatoka kabla ya mashindano. Gia ya tatu, mguu mwepesi, 2,000, 2,300, 2,500... ikapita. Sio asilimia mia, kulikua na kivuli cha kusita, na skrini pale pale ilionyesha mchanganyiko mwembamba. Mguu wote chini ikasoma 12.8 (sehemu za hewa kwa moja ya petroli), hapo huna cha kuongeza. Tukasimama pembeni, nikatoa jeti ndogo za 50 nikaweka 55, kazi ya dakika chache kwenye Weber, unafungua kifuniko cha juu tu. Tukarudia. Imenyooka. Jeti kubwa zimebaki 130, na midomo ya ndani, pale hewa inapobanwa, ni ya milimita 32, ile hesabu ya mafundi ya kuzidisha kwa nne inakupa 128, kwa hiyo 130 ilikua sahihi toka mwanzo, haikua na kosa lolote masikini.

Jioni nikajaza daftari la gari, kila kipimo na hali ya hewa ya leo, maana kabureta haijui kama kesho kuna joto au mmeenda mlimani. Nikakagua na mikanda ya usalama. Hii huwa inanichekesha, gari ina zaidi ya nusu karne na inaruhusiwa kushindana, ila mkanda ukipita miaka mitano toka utengenezwe unautupa hata kama haujavaliwa. Ya kwetu inakaribia, nimeandika kwa wino mwekundu.

Saa 1 usiku bosi kaja mwenyewe. Nikamweka pembeni nikampitisha kwenye resi zile zile zilizokua zinamuudhi, taratibu, mara tatu nne. Katulia kabisa, anatabasamu. Tumerudi gereji nimezima, akauliza, "Umeweka jeti za ngapi?"

"130 zile zile bosi. Ilikua distributa."

Akafikiria kidogo. "Basi hata 140 tusijaribu?"

Nikamwambia difu (gia za ekseli ya nyuma) inalia kwenye kona za kushoto, kesho tuanze na hiyo kwanza.