Mpwa wangu na bunduki yake ya Texas

Jumapili nilikuwa kibandani hapa Umoja, chai na mandazi mbele yangu, simu ikaita. Ni mpwa wangu aliyeko Texas. "Mjomba, nataka kununua bunduki mpya, ile inayojipakia yenyewe. Nichukue ya risasi za 5.56 au za .308?"

Nikatazama huku na huku kabla ya kujibu. Nairobi hilo si swali la kuuliza kwa sauti. Hapa hata bastola yataka cheti cha serikali.

Jeshini nilibeba bunduki ya G3, ya risasi za 7.62x51, ndugu wa damu wa .308. Hata bila risasi ina kilo 4 na ushei. Kichwa cha risasi yake ni gramu 9 na kitu, cha 5.56 ni kama 4 hivi. Bega langu la kulia linaijua hiyo tofauti. Siku ya kwanza ya shabaha sikuibana sawasawa, usiku nikalalia ubavu wa kushoto.

"Unawinda?"

"Siwindi. Shabaha tu, mita 100."

Basi 5.56, nikamwambia. Teke lake dogo, risasi zake nafuu, utafanya mazoezi mpaka uchoke. Ila soma maandishi kwenye mtutu: bunduki ya 5.56 hula .223, risasi inayofanana nayo, bila shida, lakini ya .223 usiilishe 5.56, presha yake imezidi.

Kimya kidogo.

"Mjomba, .308 nimeshalipia."