Siku moja maishani mwangu: seva ya akiba imekwama kwenye faili moja ya logi

Saa 2:00 asubuhi. Seva ya akiba ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), ambayo huifuata seva kuu kwa kutekeleza faili zake za logi ya mabadiliko (WAL) kutoka diski ya hifadhi, iko hewani na inajibu, ila data yake ni ya usiku. pg_last_xact_replay_timestamp(), saa ya muamala wa mwisho uliotekelezwa hapa, inatoa 02:14, yaani saa nane na dakika 14 usiku. Hiyo peke yake haitoshi kumshtua mtu, kwani seva kuu ikikosa kazi muda huo nao husimama. Nalinganisha pg_last_wal_replay_lsn() ya hapa (ilipofikia kutekeleza) na pg_current_wal_lsn() ya seva kuu (ilipofikia kuandika). Pengo ni kubwa. Imekwama kweli.

Saa 2:20. Logi ya seva, ile ya ujumbe na makosa, si WAL, haina kosa hata moja. Jibu liko kwenye ps, orodha ya michakato inayoendeshwa: "startup waiting for 000000010000001A000000C7".

Saa 2:40. Faili hiyo (naiita C7, mwisho wa jina lake) ipo kwenye hifadhi, lakini ina baiti 9,437,184 badala ya 16,777,216. Ndiyo maana kuna ukimya. Seva ya akiba ikikuta faili fupi hudhani bado inanakiliwa, husubiri sekunde 5, hujaribu tena, na haiandiki kitu kwenye logi ya kawaida. Urejeshaji usio wa hali ya akiba ungekufa hapo hapo na kutaja ukubwa usiolingana.

Saa 3:00. Kwenye seva kuu, pg_stat_archiver inaonyesha last_failed_wal ni C7 hiyo hiyo na failed_count inapanda. Amri ya kuhifadhi ni hii (%p ni njia ya faili, %f ni jina lake, na test hukataa kama jina hilo lipo tayari):

test ! -f /hifadhi/%f && cp %p /hifadhi/%f

Diski ya hifadhi ilijaa cp ikiwa katikati, kipande kikabaki. Hata nafasi ikipatikana, test itakiona kipande na kukataa, leo na kesho. Huku nyuma alama za .ready (faili inasubiri kuhifadhiwa) zimefika 400 kwenye folda ya archive_status. Kwa MB 16 kila faili, ni MB 6,400 zinazokalia pg_wal, folda ya faili za WAL kwenye seva kuu.

Hapa ndipo watu huharibu. Usifute chochote ndani ya pg_wal, na usigeuze .ready kuwa .done (imeshahifadhiwa): C7 iliyo nzima iko huko tu, na seva kuu ikiamini imeshahifadhiwa itaitupa. Ikishatupwa, dawa ni kuchukua nakala kamili upya kwa pg_basebackup.

Saa 4:00. Kutafuta nafasi. pg_archivecleanup hufuta kila faili iliyo nyuma ya ile unayoitaja, na kishawishi ni kutaja C7. Sivyo. Naendesha pg_controldata kwenye seva ya akiba na kusoma mstari wa "Latest checkpoint's REDO WAL file": inaishia na B2. Seva ikiwashwa upya huanza kusoma hapo, si pale ilipokwama. Nakala kamili unazozitunza nazo zina faili zao za kuanzia. Inayotajwa ni ile iliyo nyuma kuliko zote. Kwanza na -n, uone orodha, kisha bila -n.

Saa 4:30. Kipande cha C7 nakihamishia kando kwa mv, sikifuti. Seva kuu hujaribu mara 3 kisha hupumzika sekunde 60, kwa hiyo ndani ya dakika moja hivi faili nzima imeingia. Seva ya akiba inaandika "restored log file" moja baada ya nyingine.

Hadi saa 8 ni kusubiri. Anayetekeleza logi ni mchakato mmoja tu, kwa mfuatano. Kuongeza prosesa hakumsaidii, diski ya kasi humsaidia.

Saa 8:40 mchana. Imesimama tena, safari hii kwa kelele: max_connections (kikomo cha miunganisho) hapa ni 100, na kwenye seva kuu iliongezwa alfajiri kuwa 200. Tangu toleo la 14 urejeshaji husitishwa badala ya seva kuzimika, lakini kuwasha upya hakuepukiki. Naweka 200, nawasha, na inaendelea.

Saa 10:00. Amri mpya ya kuhifadhi kwenye seva kuu, reload (kusoma upya mipangilio bila kuzima) inatosha:

test ! -f /hifadhi/%f && cp %p /hifadhi/%f.tmp && mv /hifadhi/%f.tmp /hifadhi/%f

Diski ikijaa tena, kipande kitabaki na jina la .tmp na jaribio linalofuata litakifunika. Kengele ya ufuatiliaji naifunga kwenye failed_count na idadi ya .ready.