Siku ya Poda Hakuna Rafiki

Mpwa wangu kazi yake ni kukalisha watu vitini. Yuko Colorado, Marekani, kwenye mlima wa watu wa skii, wale wanaoteleza juu ya theluji kwa mbao mbili za miguuni, na kutwa anasimama chini ya lifti ya viti, ile ya kuning'inia kwenye waya inayowapandisha mlimani, akizuia kiti kisimpige mtu magotini, akimpandisha mtoto wa watu, akipiga kelele, "Wanne, wanne! Jazeni viti!" Mtoto wa Kibokoni, Mombasa, huyu. Barafu aliyokuwa akiijua ni ile ya kutia kwenye maji ya ukwaju.

Hunipigia simu saa tisa na nusu, mimi niko barazani nangoja adhana ya alasiri, kwake ni saa kumi na moja na nusu alfajiri na yuko njiani kwenda kazini. Juzi hata shikamoo aliisahau. "Mjomba, leo poda!"

Poda ni theluji iliyoanguka usiku, haijakanyagwa na mtu wala kusawazishwa na mashine. Siku hiyo, ananiambia, fundi bomba hapokei simu, mwalimu ghafla ana mafua, na foleni ya lifti huanza kiza bado hakijaondoka. Na kuna msemo ambao kila mtu huko anao mdomoni: siku ya poda hakuna rafiki. Mwenzio akichelewa kufunga viatu, humngoji. Mtaonana jioni.

Niliposikia hivyo nilisema astaghfirullah. Watu wamesafiri gari moja, wamekunywa kahawa pamoja, halafu mmoja amwache mwenzake anahangaika na buti? Lakini nimelifikiria jambo hili wiki nzima, maana huku kaskazi imetuletea joto na mtu halali vizuri, na nimeona msemo ule una mambo mawili ndani yake. Moja nalikubali, la pili silikubali hata kidogo.

Kwanza, wale watu si kwamba hawana sheria. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIS, lilipitisha kanuni 10 mwaka 1967 kwenye mkutano wake wa Beirut (naam, Lebanon, kuna milima ya skii kule). Kubwa kuliko zote ni kwamba aliye mbele yako, yaani aliye chini, ndiye mwenye haki. Wewe utokaye juu ndiye wa kumkwepa, kwa sababu hana macho kisogoni. Ukitaka kuondoka uliposimama, tazama juu kwanza. Usisimame penye wembamba, wala nyuma ya tuta ambapo wanaoshuka hawakuoni. Mtu akiumia, msaidie. Na ya mwisho ndiyo iliyonichekesha: ajali ikitokea, kila aliyehusika na kila aliyeshuhudia ni lazima atoe jina lake. Bodaboda akimgonga mtu hapa Buxton, mashahidi wote utakuta walikuwa wanatazama upande wa pili.

Sasa zipitie zote 10. Hakuna hata moja inayokwambia umwachie mwenzio theluji. Zinakwambia usimuumize, basi. Na siku ya poda ugomvi mkubwa ni wa nani ale nini, kwa sababu poda huisha. Vijana wanaorusha kaiti pale Nyali wana adabu zao za kupishana majini, lakini upepo hauishi kwa kuwa mwenzio ameutumia. Poda aliyopita mtu imeshapitwa. Kufika saa tano asubuhi mlima mzima umechanwachanwa, na atakayefika saa sita atakuta matuta na makombo.

Mimi jambo hili nimelielewa kwa sinia. Arusini mmekaa watano, pilau katikati, na kila mmoja tangu chuoni alifunzwa: piga bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Pande la nyama likiwa upande wa mwenzio ni lake, mpaka yeye mwenyewe alisukume kwako kwa ncha za vidole. Anayechimba handaki chini ya wali ili aifikie nyama ya katikati hafukuzwi, lakini anajulikana, na arusi ijayo watu watatazama amekaa wapi kabla hawajakaa.

Nilipomweleza mpwa wangu hivyo akaruka. "Ndiyo, Mjomba, ndivyo hasa!" Mjuzi akiushukia mteremko mpana wenye poda, huanzia ukingoni. Anakata kona zake fupifupi kushuka, na alama zake zinabaki zimepindapinda juu ya theluji. Anayemfuata anaweka zake ubavuni mwa zile, kona kwa kona, karibu kabisa bila kuzigusa. Wa tatu vivyo hivyo. Mteremko mmoja ukiliwa kwa adabu unawatosha watu wengi, na ukisimama chini ukitazama juu utaona mistari imelala sambamba kana kwamba imechorwa kwa kitana. Anayechukiwa ni yule anayevuka mteremko wote kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kona pana za kujionyesha. Ameligusa sinia zima, na wala hakushiba.

Hapo ndipo ugomvi wa watu wa skii na watu wa snoubodi unapoingia. Snoubodi, ubao mmoja wa kusimamia kwa miguu yote miwili, ni ndugu mdogo wa skii. Mwaka 1965 huko Michigan bwana mmoja, Sherman Poppen, alifunga skii mbili pamoja ili binti yake asimame juu yake, na mchezo ukaanzia hapo. Milima mingi iliwafungia mlango watu wa snoubodi kwa miaka. Stratton, kule Vermont, waliwafungulia mwaka 1983, na Olimpiki ya majira ya baridi iliwapokea Nagano, Japani, mwaka 1998. Hadi leo Marekani ina milima mitatu inayowakataa: Alta na Deer Valley huko Utah, na Mad River Glen huko Vermont.

Lalama za watu wa skii zina ukweli wake. Mwenye snoubodi akiogopa mteremko mkali huuweka ubao wake kingamo na kushuka akiburura, na poda yote ya njia ile anaikwangua mpaka chini. Kisha wanakaa safu nzima katikati ya njia kufunga mikanda ya miguu. Na kwa kuwa husimama ubavu, kuna upande wote wa mgongoni hauoni, kwa hivyo ukimpita upande huo bila kumpigia ukelele ujue akikata kona mtakutana. Lakini mpwa wangu, ambaye kutwa yuko kwenye foleni, anasema wa skii nao si malaika. Wanakanyaga mbao za watu. Unaona mtu mzima, mwenye miwani ya bei, anajisogezasogeza mbele na ncha za skii zake zinapanda juu ya ubao wa aliyemtangulia, kwaruu, tena bila samahani. Na ubao ule umenunuliwa kwa mshahara wa mwezi.

Kuna jambo moja la wema kati yao ambalo nimelipenda. Mwenye snoubodi akifika penye tambarare hukwama, kwa sababu hana fimbo za kujisukumia. Inabidi afungue mguu mmoja ajikokote. Mwenye skii akipita karibu humnyooshea fimbo, yule akaishika, akavutwa mpaka mteremko unapoanza tena. Hawajuani. Na siku ya poda, ambapo kila dakika mtu anapoteza theluji, bado wapo wanaofanya hivyo.

Ya kamba nitayasema haraka. Alfajiri watu wa doria ya mlima hupanda na baruti kuiporomosha theluji inayotishia kuanguka, na sehemu ambazo hawajaridhika nazo zinabaki zimezungushwa kamba. Watu hupanga mstari pale kungoja ifunguliwe. Kupita chini ya kamba si utovu wa adabu tu. Colorado ni kosa la kisheria, na mpwa wangu ameona watu wakinyang'anywa tikiti ya msimu mzima. Hapo sina la kuongeza.

Kwamba poda huisha na mtu huiwahi, nakubali. Sasa lile nisilolikubali, la kumwacha mwenzio peke yake. Kwenye misonobari, matawi ya chini huukinga mti, theluji inayozunguka shina haishikamani, na linakuwako shimo ambalo kwa juu halionekani. Mtu akiteleza karibu mno anaingia kichwa chini miguu juu, theluji inamfuata, na akipapatika ndiyo inazidi kumbana. Walifanya majaribio Marekani na Kanada, watu wakiwekwa humo makusudi na waokoaji wako tayari, na tisa kati ya kumi walishindwa kujitoa wenyewe. Anayeweza kukutoa ni mtu aliyekuwa akikuona ulipozama. Asiwe jioni mkahawani, wala chini penye lifti. Awe pale pale. Ndiyo maana walewale wenye msemo wao huingia mitini wawili wawili, firimbi zinaning'inia kifuani, wakiitana kila baada ya kona chache.

"Kwenye miti rafiki yupo," mpwa wangu akaniambia. Nikamwambia msemo wenye tundu kubwa kiasi hicho ungeshonwa kwanza.

Watu wetu huwa wananitajia Philip Boit. Nagano 1998, mbio za skii za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi (baadaye tukapata hata mzaliwa wa Kilifi, Sabrina Simader, aliyeshindana mwaka 2018). Boit alifika wa mwisho, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda dhahabu, alikuwa bado anamngoja pale mwisho wa mbio, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nalipenda tukio lile, lakini Dæhlie alikuwa ameshamaliza. Dhahabu yake ilikuwa imeshapatikana. Kungoja ukiwa umeshiba ni uungwana, sikatai. Mimi natafuta yule anayengoja na njaa yake, saa mbili na nusu asubuhi, poda iko pale, kamba imefunguliwa, na mwenzake buti halifungi. Mpwa wangu anasema wapo. Huwaona wakisimama pembeni ya foleni wakiwaachia wengine zamu, nyuso zimewakunjamana, lakini wamesimama.

Jana tulibishana juu yake mwenyewe. Usiku theluji ikianguka, yeye na wenzake hupelekwa juu kabla ya kufunguliwa, kuchota theluji kwenye kituo cha juu cha lifti kwa mabeleshi. Wakimaliza, wanashuka kwa skii kurudi kazini, na poda ni yao wa kwanza. Foleni yote inawatazama kutoka chini, na wengine huzomea. Akaniuliza kama ni haki.

Nikamwambia mpishi lazima aonje.

"Waambie wewe, Mjomba, mimi hawanisikii."

Nikamwambia awaambie mabeleshi yapo mengi, na kesho waje saa kumi.