Deki ya baba imepata skrini

Deki ya kanda za video ya marehemu baba bado inazunguka, ila TV yetu ya ukutani ina matundu ya HDMI tu, na waya za deki haziingii humo. Nikashuka Kariakoo. Muuzaji akanitolea skrini ya inchi 7, zile za kamera ya nyuma ya gari: inatumia volti 12, ina tundu la njano la video. Nikamuuliza, "Kaka, inapokea PAL?" Maana kanda zetu ni za PAL, mfumo wa picha wa mistari 625; mfumo wa kanda na wa skrini ukipishana, picha inaruka au inapoteza rangi. Akasema inasoma mifumo yote. Kweli, imesoma! Spika haina, waya nyeupe na nyekundu nimechomeka kwenye sabufa. Tatizo picha inavutwa upana, mama kwenye harusi yake kanenepa ghafla. Kanuna hadi sasa.